Kilo Moja ya Kambale: Unalipia Nini Hasa?

Sijui samaki mwingine wa maji baridi anayeuzwa kwa sura nyingi kama kambale. Utamkuta hai, anajinyonganyonga kwenye beseni lisilo na maji. Utamkuta mbichi mezani, pembeni ya sato. Utamkuta mkavu wa moshi, mweusi, mkia umekunjwa ukachomekwa kinywani. Utamkuta minofu kwenye friji la duka kubwa. Siku hizi utamkuta hata kifaranga, ndani ya mfuko wa nailoni uliotiwa oksijeni, anasubiri mtu mwenye tangi nyuma ya nyumba.

Kila sura ina bei yake, na anayelinganisha bei hizo kama zinavyotajwa sokoni hupotea njia mapema. Katika kilo ya mbichi, sehemu kubwa ni maji na kichwa. Katika kilo ya mkavu kuna nyama ya samaki kadhaa, au kuna maji tena, kutegemea mkaushaji alikuwa na haraka kiasi gani. Bei nitakazotumia hapa ni za mfano tu, kwa shilingi za Tanzania, ili hesabu isomeke; weka za soko lako mwenyewe. Uwiano ndio usiobadilika sana, nao umetokana na kazi ya watu ambao kwa zaidi ya miaka 50 wamempasua samaki huyu, wakampima, wakamzalisha na kumkausha.

Samaki mwenyewe ni Clarias gariepinus. Jina hilo alipewa mwaka 1822 na Mwingereza William Burchell, aliyemkuta kusini mwa Afrika, kwenye mto Gariep ambao ramani nyingi huuita Orange. Kwa miaka mingi kila pembe ya Afrika ilikuwa na jina lake la kitaalamu: vitabu vya zamani vya Afrika Mashariki vilimwita Clarias mossambicus, kaskazini akaitwa Clarias lazera. Mwaka 1986 Mbelgiji Guy Teugels aliwapitia wote upya akaona ni samaki yuleyule, kuanzia Afrika Kusini hadi mto Nile. Hilo lina faida kwa mnunuzi. Kilichopimwa Nigeria, ambako ufugaji wa kambale ni mkubwa kuliko kwingine kokote barani, au Uholanzi, ambako wanamfuga ndani ya majengo, kinamhusu pia kambale wa Mtera, wa Kilombero na wa Ziwa Victoria.

Tuanze na aliye hai, maana kwa maoni yangu huyo ndiye ununuzi bora kwa anayepika leo. Juu ya matamvua yake kambale ana kiungo chenye matawimatawi, chekundu kwa damu, kinachomwezesha kuvuta hewa ya kawaida. Ngozi yake ikibaki na unyevu, hukaa nje ya maji kwa saa nyingi. Sato hana uwezo huo. Akitolewa majini hafiki mbali. Kwa hiyo sato wa sokoni, hata akiwa mzuri, unamnunua kwa kuamini jicho lake, shavu lake na barafu ya muuzaji. Kambale hahitaji imani hiyo, kwa sababu anayetikisa sharubu ni mbichi bila mjadala. Kwa sababu hiyohiyo, kambale aliyekufa mezani asiuzwe kwa bei ya aliye hai. Ikiwa jirani yake bado anapumua, jiulize huyu amelala hapo tangu lini, kisha omba punguzo au nenda meza ya pili.

Kabla ya kulipa, uliza jambo moja: anapimwa kabla au baada ya kupasuliwa? Mama anayejua kazi yake humshika kwa kitambaa nyuma ya kichwa, akiepa miiba miwili ya mapezi ya pembeni, ambayo ikikuchoma utaikumbuka wiki nzima. Humpiga mara moja kichwani, humwagia majivu na kumsugua mpaka ute wote ugeuke tope la kijivu, kisha hukwangua kwa kisu kuanzia kichwani kwenda mkiani. Magamba hana, kwa hiyo shughuli ni ya dakika chache. Tumbo likifunguliwa, karibu sehemu moja ya kumi ya uzito huondoka, na kwa jike mwenye mayai huondoka zaidi, kwani mayai peke yake yanaweza kufika asilimia 15 au hata 20 ya uzito wa mwili. Mayai hayo huliwa na ni matamu, ila mtu asikuuzie tumbo kwa bei ya mnofu kama hukulitaka.

Tuingie kwenye hesabu. Tuseme kambale mzima ni shilingi 8,000 kwa kilo na sato ni 11,000. Ukimtoa kambale kichwa, mifupa, ngozi na tumbo, unabaki na mnofu karibu asilimia 40 ya uzito wake. Sato akifanyiwa hivyohivyo hutoa kama theluthi moja. Kwa hiyo mnofu wa kambale unakugharimu shilingi 20,000 kwa kilo, na wa sato shilingi 33,000. Pengo la shilingi 3,000 uliloliona sokoni limekuwa 13,000 jikoni.

Sato naye ana utetezi wake. Mnofu wake una protini karibu asilimia 20, wakati wa kambale huwa kati ya 15 na 19. Tukimpa kambale asilimia 17, shilingi 8,000 zinanunua gramu 68 za protini, yaani kama shilingi 118 kwa gramu. Kwa sato, shilingi 11,000 zinanunua gramu 66, shilingi 167 kwa gramu. Utetezi wa pili una nguvu zaidi: hakuna mtu wa Mwanza anayekula sato kwa minofu. Sato hukaangwa mzima, akaliwa kwa mkono mpaka shavu na ubongo, na kinachorudi jikoni ni mifupa mitupu. Kambale naye ana kichwa kikubwa, bapa, cha mfupa mgumu, ambacho nyumba nyingi hukitupa. Anayekichemsha supu, na supu yake ni nzito kweli, anashusha gharama yake. Asiyekitaka amwambie muuzaji akikate kabla ya kupima, ingawa sijaona wengi wanaokubali bila kupandisha bei.

Kwa nyumba yenye watoto wadogo kambale ana jambo jingine la kumtetea. Nyama yake haina vile vimiba vyembamba vilivyojificha katikati ya mnofu, vinavyofanya ningu aliwe kwa uangalifu mkubwa. Ukishautoa uti na mbavu, umemaliza.

Kwa nini basi bei yake huwa chini? Sura inachangia: sharubu, ngozi nyeusi inayoteleza, kichwa cha kutisha. Dini inachangia pia. Waadventista Wasabato, ambao ni wengi upande wa Mara na Kisii, hufuata Walawi 11 na hawali samaki asiye na magamba. Pale ambapo sehemu ya wanunuzi imejitoa, anayemla ananufaika. Na kuna ladha ya tope, ambayo wengi huitaja kama kasoro ya kambale kwa asili yake.

Ladha hiyo kambale hazaliwi nayo. Inatoka kwenye kemikali iitwayo jiosmini, inayotengenezwa na bakteria wa majini na wa udongoni, hasa wale wa rangi ya kijani-buluu wanaositawi bwawa likijaa mbolea na mabaki ya chakula. Jiosmini hupenya kwenye mafuta ya samaki na kukaa humo. Sato wa bwawa chafu huwa nayo vilevile. Dawa yake iko kwa mfugaji: siku chache kabla ya kuuza, samaki wahamishiwe kwenye maji safi yanayobadilishwa, bila chakula, mpaka kemikali ipungue mwilini. Mfugaji makini hufanya hivyo, ingawa samaki wake hupungua uzito kidogo na yeye hupoteza pesa hapo. Ndiyo maana kambale wa shilingi 9,000 kutoka kwa mtu anayekuambia siku aliyowasafisha anaweza kuwa nafuu kuliko wa 7,000 atakayekataliwa mezani. Ukishamnunua mwenye tope, asidi inasaidia: limau, siki au ukwaju huivunja jiosmini. Bibi zetu waliomlaza kambale kwenye limau na chumvi kabla ya kumuunga walikuwa wanafanya kemia iliyo sahihi.

Hapo ndipo swali la kambale wa ziwani au mtoni na kambale wa kufugwa linapoingia, na majibu yake hayako upande mmoja. Wa porini amekula wadudu, samaki wadogo, konokono, na chochote kilichopita mbele yake; mara nyingi ana mafuta kidogo, na mafuta hayo yana sehemu nzuri ya omega-3. Wa kufugwa huwa mnene zaidi, na mafuta yake huufuata mfuko wa chakula: akilishwa soya na mashudu kwa wingi, omega-6 huongezeka. Kwa mlaji wa kawaida anayekula samaki mara moja au mbili kwa wiki, mimi tofauti hiyo nisingeilipia pesa nyingi. Ningelipia zaidi jibu la kweli kwa swali la kwamba analishwa nini. Wapo wafugaji wanaotupia kambale matumbo mabichi ya kuku na hata vifaranga waliokufa, kwa sababu samaki huyu hachagui. Chakula hicho kinaweza kubeba vimelea kutoka bandani, na kwa kuwa humuoni anayelishwa, muulize muuzaji bila aibu.

Wasiwasi wa zebaki hutajwa sana kwa samaki wa porini, hasa kwa watu wa karibu na machimbo ya dhahabu. Kambale ni mlaji wa samaki wenzake, kwa hiyo swali ni la haki. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Justinian Ikingura, akiwa na Mjapani Hirokatsu Akagi, walipima samaki wa eneo la machimbo kusini mwa Ziwa Victoria, na baadaye samaki wa mabwawa ya umeme kama Mtera, Kidatu na Nyumba ya Mungu. Walichokikuta kwa jumla ni viwango vya chini, mbali na kikomo cha miligramu 0.5 kwa kilo kinachotumika kimataifa kwa samaki wengi. Mimi hapo natulia, ila nisingevua kwenye shimo la maji lililo mlangoni mwa kiwanda cha kuoshea dhahabu.

Sasa tuje kwa wa moshi, ambaye ndiye anayewachanganya wanunuzi kuliko wote.

Kambale mbichi aliyetolewa tumbo ana maji karibu asilimia 75. Robo inayobaki ndiyo chakula: protini, mafuta, madini na mifupa. Kukausha hakuongezi kitu katika robo hiyo, kunaondoa maji tu. Ukitaka kilo moja ya kambale mkavu kabisa, mwenye maji asilimia 10, unahitaji gramu 900 za ile sehemu isiyo maji, na gramu hizo ziko ndani ya kilo 3.6 za samaki aliyepasuliwa, sawa na kilo 4 za samaki mzima. Kwa hiyo kama mzima ni shilingi 8,000, mkavu halisi hawezi kuwa chini ya 32,000 bila mtu kupata hasara, na hapo kuni na kazi bado hazijalipwa. Akiuzwa chini ya hapo, basi ama mkaushaji alinunua kwa bei ya mwaloni wakati samaki wamejaa, jambo ambalo ni la kawaida, ama samaki hakukauka.

Huyu wa pili ndiye wa kumwangalia. Kambale aliyepitishwa kwenye moshi kwa saa chache akabaki na maji asilimia 40 ana rangi nzuri kuliko mkavu: anang'aa kahawia, analainika kidoleni, ananukia. Kilo yake moja imetoka kwenye kilo 2.7 tu za samaki mzima. Sasa linganisha meza mbili. Ya kwanza inauza wa namna hiyo kwa 24,000. Ya pili inauza mkavu kwa 30,000. Gawanya: wa kwanza anakugharimu karibu shilingi 9,000 kwa kila kilo ya samaki mzima aliyeingia humo, wa pili shilingi 7,500. Aliyeonekana wa bei nafuu ndiye ghali, na juu ya hayo ataota ukungu baada ya siku chache, wakati mkavu akitunzwa vizuri hukaa miezi.

Kumtambua hakuhitaji mashine. Mgongeshe mezani: mkavu hulia kama kuni. Jaribu kumkunja karibu na mkia: mkavu hukatika, mbichimbichi hupinda. Tazama ndani ya tumbo karibu na uti, mahali nyama ni nene na ndipo maji hukimbilia kujificha. Pakiwa laini na pekundu, unalipia maji. Kwa anayepika siku hiyohiyo, wa laini si kosa, ni mtamu na huiva upesi. Kosa ni kumlipia kana kwamba ni mkavu.

Nunua aliye na kichwa chake. Vipande vyeusi vilivyokwishakatwa vinaweza kuwa vya kambale, vinaweza kuwa vya kamongo, na hata wazoefu hubabaika. Kamongo si jamii ya kambale. Ana mapafu, ana mapezi membamba kama kamba, na nyama yake ina wapenzi wake na bei yake. Kichwa bapa cha mfupa chenye sharubu kinamaliza ubishi.

Tazama pia vitundu na ungaunga. Kuna mbawakawa wa samaki wakavu, Dermestes maculatus, ambaye viluwiluwi vyake hutafuna nyama na kuacha ganda. Samaki aliyeliwa ni mwepesi, kwa hiyo mizani haikudhulumu sana, lakini chakula kimeondoka na kilichobaki kimechanganyika na kinyesi chao. Kuna jambo baya zaidi: katika nchi kadhaa za Afrika wafanyabiashara wamebainika kupulizia dawa ya wadudu juu ya samaki wakavu ili wasibunguliwe safarini. Harufu isiyo ya moshi wala ya samaki ni sababu tosha ya kurudisha mzigo. Nyumbani mweke kwenye chombo kinachofungwa vizuri, na kila baada ya wiki mbili tatu mtoe umpashe moto wa taratibu, ili unyevu na mayai ya wadudu visipate nafasi.

Moshi wenyewe una gharama isiyoonekana kwenye risiti. Kambale aliyenona akiwekwa juu ya moto wa wazi, mafuta hudondokea makaa, huungua, na moshi wake hurudi juu ukiwa na kemikali zinazoweza kusababisha saratani, mashuhuri zaidi ikiwa benzopireni. Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2014 umeweka kikomo cha mikrogramu 2 kwa kilo kwa samaki wa moshi, na tanuri za pipa au za shimo, zinazotumika sana kwetu, hupata shida kukifikia. Tanuri la Chorkor, lililotoka Ghana mwishoni mwa miaka ya 1960, lilipunguza kuni na kazi kuliko lilivyopunguza kemikali hizo. Lile liitwalo FTT-Thiaroye, lililobuniwa Senegal kwa ushirikiano na FAO, lilikwenda mbali zaidi: lina sinia la kukingia mafuta yasifike motoni, na moshi unapitishwa upande wake na kuchujwa. Samaki wake huwa wa rangi ya dhahabu kuliko weusi. Kwa hiyo weusi usikupendeze; mara nyingi ni masizi. Kama unanunua kwa mtu unayemfahamu, tanuri lake linastahili kutazamwa kuliko meza yake. Na kama hulijui, menya ngozi kabla ya kupika, maana sehemu kubwa ya kemikali hizo hubaki kwenye ngozi, kisha mwoshe kwa maji ya moto na kuyamwaga.

Minofu ya friji nitaipita haraka. Inafaa kwa asiye na muda, na kwa hoteli. Angalia barafu iliyoganda juu yake, maana inapimwa pamoja na samaki. Omba kujua uzito wa mnofu bila barafu. Pakiti nyingi huwa zimeandikwa.

Wako wanaosema: kwa nini ninunue, si nifuge? Kambale anaonekana kama aliumbwa kwa kazi hiyo. Anapumua hewa, kwa hiyo umeme ukikatika hafi kama sato. Anavumilia msongamano ambao ungemuua samaki mwingine. Waholanzi hufuga zaidi ya kilo 200 kwa kila mita moja ya ujazo wa maji. Lakini wao wana mitambo ya kuchuja mchana na usiku. Kuvuta hewa hakumwokoi kambale na amonia ya kinyesi chake mwenyewe. Katika tangi la turubai la lita 1,000 lisilo na mtambo, mimi nisingezidisha samaki 50, na maji ningeyabadilisha kila yanapoanza kunuka, hasa miezi ya mwisho. Joto nalo lina neno lake. Kambale hukua vizuri maji yakiwa nyuzi 26 hadi 30: kwa chakula kizuri hufika kilo moja kwa miezi sita hadi minane. Njombe au Nyeri usitegemee mwendo huo.

Gharama kubwa ni chakula, zaidi ya nusu ya fedha zote. Kambale anahitaji chakula chenye protini karibu asilimia 40, wakati sato anaridhika na 25 hadi 32. Ndiyo maana mfuko wa kambale ni ghali. Tuseme ni shilingi 4,500 kwa kilo kwa cha kuelea, na samaki wako wanatumia kilo 1.2 kupata kilo moja ya uzito: umetumia 5,400. Jirani yako anachanganya mwenyewe pumba, mashudu na dagaa kwa 2,000 kwa kilo, lakini mchanganyiko wake ni dhaifu, unazama na kuoza, naye anahitaji kilo tatu: ametumia 6,000 na maji yake yamechafuka. Mfugaji wa sato anayenunua chakula kwa 3,200 kwa kilo na kutumia kilo 1.7, naye anafika 5,440. Kwa hiyo mtu asikutishe kwa bei ya mfuko wa kambale peke yake. Uliza kilo ngapi za chakula zilitoa kilo moja ya samaki. Ongeza kifaranga, maji na waliokufa, na kilo yako moja ya kambale wa nyumbani itakugharimu kama 6,500. Sokoni ni 8,000. Kwa kula ni sawa. Kwa kutajirika, piga hesabu tena.

Bei ya kifaranga hueleweka ukijua anavyopatikana. Porini kambale huzaa mvua zinapofurisha mito: hutoka usiku kwenda mbugani kwenye maji mapya, hutaga kwenye majani na kurudi. Bwawani mafuriko hayo hayapo, kwa hiyo jike hujaa mayai bila kuyataga. Tatizo hilo ndilo lililowashughulisha watafiti De Kimpe na Micha huko Jamhuri ya Afrika ya Kati, walioandika miongozo yao ya kwanza mwaka 1974, na Hogendoorn huko Cameroon mwishoni mwa muongo huo. Suluhisho ni sindano ya homoni. Maji yakiwa nyuzi 25, kama saa 11 baadaye jike hukamuliwa, na mayai hutoka kama uwele, 600 na zaidi kwa kila gramu moja. Dume hakamuliwi, huchinjwa akatolewa korodani, mbegu zikachanganywa na mayai kwenye bakuli. Kisha huanguliwa viluwiluwi maelfu kwa maelfu, na kuanza kufa. Na kulana.

Kulana huko watafiti Hecht na Appelbaum walikueleza mwaka 1988: wakiwa wadogo kabisa humkamata mwenzao kwa mkia na kukiacha kichwa, wakikua kidogo humeza mzima. Aliyemla mwenzake hukua upesi na kupata uwezo wa kula mwingine. Ndiyo maana vifaranga wazuri ni wale waliochambuliwa kwa ukubwa kila baada ya siku chache, na ndiyo maana wa gramu 10 ni ghali kuliko wa gramu 2. Tuseme wadogo ni shilingi 150 na kwako watabaki asilimia 40. Kila aliyebaki amekugharimu 375. Wakubwa ni 400, wanabaki asilimia 85: kila mmoja ni 470. Wadogo bado ni nafuu kidogo, kwa mtu mwenye matangi mawili au matatu, wavu wa kuchambulia na muda wa kukaa nao. Mwenye tangi moja na kazi ya ofisini anunue wakubwa, kwa sababu chakula walichokula wale waliomezwa baadaye hakimo katika hesabu hiyo.

Kwa wakazi wa pembezoni mwa Ziwa Victoria kuna mnunuzi mwingine wa kushindana naye. Wavuvi wa sangara huweka vifaranga vya kambale hai kwenye ndoano za migonzo kama chambo, na hununua kwa maelfu, bila kujali kasi ya kukua wala ulingano wa ukubwa, mradi anacheza majini. Uvuvi ukichangamka, wauza vifaranga hawana haja na mteja wa vifaranga 50. Agiza mapema, nenda asubuhi siku ya kuchambua, simama hapo wakati wa kuhesabu, na ukatae waliokusanywa kutoka kwenye ndoo ya chambo: humo wamo waliodumaa pamoja na wawili watatu walionenepa kwa kula wenzao.